Pua ya Baba, Mkeka wa Mama

Kicheko nilikisikia kabla sijageuka. Nilikuwa nimeuelekea ubao, chaki mkononi, nimeandika 3x + 2x² = 5x³, na darasa zima nyuma yangu likapasuka. Aliyeanza simjui mpaka leo. Lakini ndugu zangu, nawaambia, ndani ya kicheko kile nilikaa miaka sita.

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo. Mwalimu ameniomba nizungumze na nyinyi mnaorudia mtihani, na mimi ni mtoto wa darasa hili hili, benchi lile la dirishani.

Kidato cha nne nilianguka hesabu. Nikarudia, nikaanguka tena. Chuo nilichokitaka hakikupokea mtu bila hesabu. Nikapata kazi ya kutoa nakala kwenye kibanda hapa mjini, mashine upande huu, ukuta upande ule, mimi katikati nimebanwa kama karatasi. Msimu wa maombi ya vyuo ukifika, nakala za vyeti vya wenzangu zilipita mikononi mwangu zingali za moto.

"Dada, na chako kiko wapi?" mteja mmoja aliniuliza, kwa utani tu.

Nikacheka, kisha nikageukia ukuta. Milima ya kwetu ilikuwa pale pale juu ya mapaa, nami sikuinua macho.

Nikajiandikisha hapa, mara ya tatu. Mwalimu anarudia, "Jumlisha vilivyo vya aina moja," nami nabisha moyoni: x si x? Sura si ile ile? Nikiona vipande viwili kwenye jibu nahisi sijamaliza, navisukuma mpaka viwe kimoja. Kila swali lilikuwa chumba, na mlango nauziba mwenyewe.

Kisha baba akafariki. Arobaini tukaisoma kijijini kwetu Mgeta, kule milimani. Baada ya dua kikafuata kikao, na Waluguru wenzangu mnajua, kwetu ukoo ni wa mama. Mikeka ikatandikwa, kila ukoo na wake. Kaka yangu, ninayechangia naye baba tu, akaja kukaa ubavuni kwangu. Bibi mzaa mama akamkazia macho.

"Wewe, mkeka wako ule."

"Bibi, huyu kaka yangu," nikasema. "Hebu mtazame pua."

"Nani kauliza pua? Pua ya baba yenu. Mama wawili, mikeka miwili."

"Na chai je, nami nakosa?" kaka akalalama.

"Chai utaletewa. Chai haina ukoo."

Watu wakacheka, naye akahama huku akicheka. Mimi nilibaki nimemwangalia. Hatua tatu tu, pua yangu usoni mwake, hatujagombana, wala hakuna aliyetulazimisha tuwe kitu kimoja. Nikaona x na x².

Nikaokota kijiti, nikaandika mavumbini: 4x + 3x² + 2x + x². Wa mkeka huu, nne na mbili, 6x. Wa mkeka ule, tatu na yule mmoja asiyeandikiwa namba, 4x². Jibu: 4x² + 6x. Nikasubiri mkono uvisukume. Haukusukuma. Nikalia, watu wakadhani namlilia baba. Labda nilimlilia pia.

Mtihani wa tatu nilifaulu, na Jumatatu naanza chuo. Namshukuru mwalimu, aliyebaki nami kila kipindi kilipoisha. Namshukuru mwenye kibanda, aliyeniachia saa za masomo. Namshukuru bibi, ambaye x hajawahi kuiona.

Somo langu ni dogo. Ukishakusanya vya aina moja, vinavyobaki viache vikae jirani. Siku ya mtihani nilifika hapo hapo: vipande viwili kwenye jibu, na hofu ya zamani ikanishika mkono, ikaniambia hujamaliza. Nikaweka kalamu chini. Mara mbili za mwanzo nilitoka wa kwanza, nakimbia. Safari hii nilitoka wa mwisho, taratibu, na msimamizi akaufunga mlango nyuma yangu.