Kizibo cha Bibi Zamfira

Ndani ya basi dogo la kwenda mji wa Orhei, Eufrosina alikaa nyuma ya watu wawili wasiojuana, ametega masikio. Bibi Zamfira alipakata chupa kubwa ya socata, kinywaji cha maua alichokichachusha juani, akakiuze sokoni. Aliyekaa kando yake, Iurie, alikuwa wakala wa soda, tena amefunga tai.

"Bibi, leo nagawa friji za bure sokoni. Anayepokea anauza soda yetu tu. Hayo maua yako atanunua nani?"

"Wenye ulimi, mwanangu. Hiyo yako niliinywa, nikacheua mpaka Jumanne."

"Yetu ina mapovu, bibi. Yako inavuja tu, inanilowesha suruali."

Bibi alipoinama kutafuta kitambaa, Iurie akakisindilia kwa kiganja kizibo kilicholegezwa. Hata watoto wa Orhei wanajua socata huachiwa ipumue, lakini tai ilimsahaulisha. Eufrosina aliona, akatoa kikombe mkobani. Safari ilikuwa imepooza mno.

Dereva alipofunga breki sokoni, kizibo kiligonga dari na socata ikamnyeshea Iurie kichwani. Akalamba mdomo. Akalamba tena.

"Mapovu hayo," alisema Zamfira, huku Eufrosina akinyoosha kikombe. "Sasa hiyo friji yako, mwanangu, inaingia chupa zangu ngapi?"