Senge Agneta na Paa la Mama Fumi

Kwa niaba ya jamii ya Mzee Wakhungu, huyu ndiye shangazi yetu, Senge Agneta Nanyama, aliyezaliwa tarehe 14 Machi 1968 hapa Kisumu, akasoma hapa hapa, akahitimu ualimu mwaka 1990 na kuajiriwa mwaka huo huo, enzi cheti kilikuwa bado kina maana.

Akifundisha Luanda Kotieno alikutana na Hideo, fundi wa maji kutoka Japani, wakafunga ndoa tarehe 6 Aprili 1996, wakahamia kwao Tanizawa, mji mdogo wa milimani penye mashamba ya mpunga, na jioni ya kwanza aliona jikoni samaki wadogo wakavu, akasema kumbe hata huku kuna omena, akawakaanga wote kwa nyanya na kitunguu, asijue ni wa kukolezea supu ya mwezi mzima, na mama mkwe wake, Mama Fumi, akala, akapangusa sahani, akasema, "Kesho pika tena."

Binti yao Sylvia alizaliwa tarehe 2 Julai 1998. Mwaka 2005 serikali yao iliunganisha Tanizawa na jiji jirani, jina likafutwa kwenye ramani, shule ikafungwa, vijana wakahama, wakabaki wazee wanaoanika matunda barazani na kupanda paa kila baridi kuondoa theluji, maana isipoondolewa nyumba huporomoka, na Hideo alipofariki mwaka 2016 kazi hiyo ikawa ya Senge, huku vijana wa ukoo huu, kazi hakuna, aibu pia hakuna, wakimpigia simu kuulizia viza tu.

Agosti 2025 alikuja kumzika kaka yake Brandon, figo zikamlaza, na baridi ya huko ilipoanza, kila asubuhi wodini alipiga simu Tanizawa kuuliza theluji imefika wapi, naye Mama Fumi, miaka tisini na tatu, akimjibu, "Lala wewe, paa halikuhusu." Alituacha tarehe 11 Januari 2026.

Erokamano, orio muno, asanteni sana, kwa madaktari, wauguzi, walimu wenzake na majirani wa Nyalenda. Na nyinyi mnaonong'ona tangu jana kwamba binti gani asiyemzika mamake, sikieni, marehemu mwenyewe alimkataza kuja, akamtuma Tanizawa kwa nyanya yake, na saa hii Sylvia yuko huko juu ya paa na koleo, pamoja na majirani wazee watupu, ambao pia tunawashukuru.

Senge, pumzika kwa amani, paa lina mtu.