Barua Iliyosomwa Paredini: Maisha ya Mwalimu Eliphas Ndambiri Nyamu, 1939–1998

Wazazi wetu, walimu na majirani, asanteni kwa kuacha ndengu zenu shambani mkaja kumsindikiza Mwalimu. Mimi ni Lorna, kitinda mimba wake. Kazi ya kusoma wasifu huu aliniachia yeye mwenyewe, pamoja na sharti moja: mwaka wa 1991 usirukwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1939 karibu na Ishiara, mtoto wa pili wa Mzee Nyamu na mkewe Ciarunji. Alichunga mbuzi hadi umri wa miaka kumi. Nyanya alituambia kuwa aliwafundisha mbuzi hao hesabu, na kwamba mmoja wao alikuwa akielewa kuliko baadhi yetu.

Aliingia darasa la kwanza mwaka wa 1949 akiwa mrefu kuliko wenzake wote. Mwaka wa 1959 alienda kusomea ualimu huko Meru, na Januari 1961 akaanza kazi. Alifundisha katika shule tano za Mbeere na Embu, kwa chaki, kwa sauti na, tuseme ukweli, kwa fimbo.

Huko Meru ndiko alikofahamiana na Makandi, binti wa mkulima wa kahawa wa Nkubu. Makandi alimwandikia barua ya mapenzi. Mwalimu akaisahihisha kwa wino mwekundu na kuirudisha. Mama akajibu kwa mstari mmoja: "Nimekusahihisha pia. Jibu ni hapana." Ilimchukua Mwalimu miaka miwili kulibadilisha jibu hilo. Walifunga ndoa kanisani tarehe 17 Desemba 1966.

Sasa mwaka wa 1991. Marehemu alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ambayo sitaitaja. Siku zile barua za wanafunzi zilipitia sanduku la posta la shule, na iliyonukia mapenzi ilisomwa paredini ili mwenyewe aone haya. Jumatatu tarehe 10 Juni alisoma barua ya mwanamume mgeni aliyemwita Purity Kathambi wa darasa la nane "mchumba wangu". Shule nzima ilicheka. Kufikia saa nne walikuwa wamempa jina, Bibi Arusi, na siku ya Jumatano Purity hakuja shuleni. Mtihani wa KCPE, wa kumaliza shule ya msingi, ulikuwa umebaki miezi mitano.

Barua zikaendelea kuja kutoka kwa wanaume mbalimbali, kumi na moja kwa jumla. Mmoja wa wale wanaume aliandika kwamba angekuja kumchukua Purity siku ya soko la Ishiara. Marehemu alishtuka. Alikwenda sokoni na chifu wakamngoja kutwa nzima, na tunamshukuru Mungu hakutokea. Ndipo alipoliandikia gazeti la vijana lililotajwa katika barua zile, nao wakamtumia kuponi, ile fomu ya kukata gazetini, iliyojazwa kwa ajili ya ukurasa wa marafiki wa kalamu. Ilikuwa na jina la Purity, darasa lake na sanduku la shule, na ilisema ana miaka ishirini na anatafuta mume.

Mwandiko haukuwa wa Purity. Marehemu aliutambua papo hapo, kwa maana aliusahihisha kila jioni mezani kwake. Hakumchapa mwenye mwandiko. Alimwambia, "Mimi sitakusoma paredini. Siku utakayopata ujasiri, utamwendea Purity mwenyewe." Mtoto huyo hakuupata upesi.

Marehemu mwenyewe alikwenda kwa kina Purity Jumamosi tatu mfululizo, kwa miguu. Ile ya kwanza msichana alijificha jikoni. Ile ya pili mama yake alimwambia, "Mwalimu, hiyo barua ulisoma na mdomo yako mbele ya watoto. Enda urudishe na hiyo hiyo mdomo." Jumatatu iliyofuata alisimama paredini, akasema amekosa, akaomba radhi. Jumamosi ya tatu alikwenda kuwaeleza, lakini Purity hakurudi hata hivyo. Alirudia darasa la nane mwaka uliofuata, akiishi kwa shangazi yake Kiambere. Mwaka huo mmoja marehemu aliubeba moyoni hadi kufa, na aliusema bila kujitetea.

Toka hapo hakuna barua iliyosomwa tena paredini. Katika kila mkutano wa wazazi na watoto aliokaribishwa, kuanzia Embu hadi Nkubu, aliwasihi watoto: usimpe mgeni jina lako na shule yako, barua ya kukuumiza usiijibu wala usiichane, mpelekee mtu mzima unayemwamini, na anayecheka mwenzake akichafuliwa jina, naye ameshika kalamu. Mama mmoja alimuuliza, "Si tuchome tu hizo magazeti, Mwalimu?" Akajibu, "Ukichoma yako atasoma ya jirani, mama. Wewe kaa na yeye, msome pamoja."

Alistaafu mwaka wa 1994. Ugonjwa wa sukari ulimpata 1996, na tunawashukuru wauguzi wa Embu waliomvumilia akisahihisha kadi zao. Alituacha Jumapili tarehe 11 Oktoba 1998, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama.

Ameacha mjane, Mama Makandi, watoto watatu, Muchangi, Joyline na Lorna, wajukuu wanne, na ndugu yake, Mutembei.

Jumatano nilikwenda Kiambere. Purity sasa ni mshonaji, na yuko hapa pamoja nasi. Nilimweleza yote, nikamwomba ruhusa, maana habari zake hazitasomwa tena mbele ya watu bila yeye kukubali. Alishona hadi mwisho wa upindo, kisha akasema, "Kusamehe bado nafikiria. Lakini soma. Na saa hii utaje mwenye aliandika."

Aliyeijaza kuponi ile ni mimi, Lorna Ndambiri. Purity alikuwa amenishinda katika mtihani wa muhula wa kwanza, nami ni binti wa mwalimu. Baba alilijua hilo kwa miaka saba na hakunisoma.

Mungu ampe Mwalimu pumziko la amani.