Koti Jeupe Ndani ya Mfuko

Ndani ya basi la asubuhi, fundi wa kiwanda cha viti aliyepewa usimamizi jana alikuwa ameukumbatia mfuko wenye koti jeupe la cheo. "Dada, wenzangu wakiniona sasa wananyamaza. Nikilivaa hili, mchana nitakula na nani?"

Muuguzi aliyekaa naye akacheka. "Kaka, umepandishwa cheo au umefiwa? Livae, kaa nao vilevile."

"Aliyenitangulia alisema hivyohivyo. Mwisho akawa anakula ofisini peke yake, tukamwita Friji."

"Alijitenga mwenyewe, au alipokuja na sahani yake mlimnyamazia?"

Abiria wakatega masikio. Hata dereva alipunguza redio. Fundi akaukaza mfuko kifuani.

Basi likasimama mbele ya kiwanda. Akashuka na mfuko kwapani, koti hajavaa.