Macho ya Buluu ya Bibi Polixeni

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, Bibi Polixeni Gusiu anavua buti zake za mpira na kustaafu, baada ya miaka thelathini na miwili katika kiwanda chetu cha jibini cha ushirika. Wapo watakaolia. Wapo pia watakaoshusha pumzi, na nawajua kwa majina.

Kosa lake ni macho. Mungu alimpa macho ya buluu kama chupa ya dawa, na huku kwetu milimani Ugiriki mwenye macho hayo akikusifia mbuzi, mbuzi anakonda. Siku alipoanza kazi, wanaume wazima walijitemea vifuani kujikinga na kijicho, ptu, ptu, ptu! Stavros wa stoo aligeuzia ukutani picha ya mkewe, ingawa yule mama hakuwa na cha kuhusudiwa.

Mwaka uleule jibini ikaanza kunuka. Wafanyabiashara wa mjini Larisa wakairudisha. Msimamizi wetu, marehemu Thrasivulos, mwenye msalaba kifuani mkubwa kama nanga, hakuhitaji ushahidi.

“Ni huyu mama. Ameyakodolea macho maziwa.”

“Bwana Thraso, mimi naosha ndoo tu, tena nimeelekea ukutani kama ulivyoniamuru.”

“Basi unayatazama kwa kuibia! Jumatatu usirudi.”

Alikuwa mjane mwenye watoto wawili, na kijijini kazi nyingine ni kuchunga kondoo wa shemeji. Hakulia. Aliomba tu, kabla ya kuondoka, aoshe lile pipa kubwa la maziwa alilokatazwa kulisogelea, ambalo msimamizi pekee ndiye aliyekuwa akilifungua. Akainua mfuniko mbele yetu sote. Chini yake kilining'inia kishada cha vitunguu saumu, kinga ya jicho baya, vimeoza, vikidondoka tone kwa tone ndani ya maziwa.

“Nilikuwa nawakinga,” msimamizi akanong'ona.

“Umetukinga na wateja,” akajibu Bibi Polixeni, akachukua brashi.

Jumatatu alirudi. Baadaye akawa msimamizi mwenyewe, na jibini yetu ikapata tuzo mara mbili kwenye maonyesho ya mji wa Trikala. Hata hivyo, hakuna aliyewahi kumwonyesha mtoto mchanga bila kumfunika uso.

Asante, mama, kwa kutuvumilia. Kapumzike, wajukuu wakuchoshe, na umtazame umtakaye. Sisi huku, maziwa yakikataa kuganda, itabidi tuanze kuyachunguza maziwa yenyewe. Ila tangu juzi nawaona wenzangu wanazitazama nyusi zangu, eti zimeungana, na huku kwetu hiyo nayo ni dalili ya jicho baya.