Ruhusa ya Lovina

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, basi la Filadelfia lilitoka Lancaster. Mama mwenye Biblia mapajani alimgeukia jirani yake, mzee aitwaye Menno wa Kiamishi, Wakristo wa mashambani wanaojitenga na mambo ya kisasa, aliyekuwa akienda kumuuliza binti yake Lovina kama atabatizwa Jumapili.

“Yuko mjini peke yake, na wewe ndiye uliyemruhusu?”

“Ndiyo desturi yetu, mama. Kijana akifika miaka kumi na sita tunamwachia aionje dunia, kisha achague mwenyewe. Asiyeweza kukataa, ubatizo wake ni wa nini?”

Mama alimkazia macho kama karani aliyepewa hati ya kughushi. “Mzee, usinichezee. Unamfungulia mtoto njia ya dhambi, halafu unasema unampenda?”

“Mungu alimfungulia Adamu.”

“Na huyo Mungu naye nina maswali kwake. Haya, Lovina akikataa, mtakula meza moja?”

“Akikataa sasa, ndiyo. Akibatizwa kisha akatuacha, hapana, atakuwa amevunja kiapo.”

“Ehee! Kwa hiyo wewe mwenyewe unamwombea asemeje?”

“Nilipopanda nilikuwa najua,” Menno akasema.

Basi liliposimama, Lovina, amevaa suruali ya jinzi, alikuwa akimsubiri. Menno alishuka. Msichana akaanza kusema kabla baba yake hajauliza swali lake.