Kwani Msitu Uliazimwa?

Jambo la mwisho la kawaida jioni ile lilikuwa Fundi Saa kujimwagia kahawa kwenye kiatu chake mwenyewe, kisha kumlaumu Wakili kwa kukaa karibu na kiatu. Baada ya hapo akili ziliaga. Benchi lao lilikuwa pembeni, kati ya duka la vipuri na ukuta wa ghala, na ukikaa hapo unakiona chote kilima cha mgodi wa zamani wa makaa ya mawe: kimetandazwa, kikavu, hakina kichaka cha kumficha hata kifaranga. Walikuwa wanne. Fundi Saa, ambaye kibandani kwake hakuna saa mbili zilizowahi kukubaliana. Wakili, muuza viatu vya mitumba, aliyefika mahakamani mara moja tu maishani, na si kwa kupenda. Mama Birika, mwenye kahawa. Na Breki, dereva wa lori la kifusi mpaka mgodi ulipofungwa, mtu wa maneno machache hata mkewe alipokuwa hai. Tangu amzike, mvua zilizopita, yale machache nayo yalipungua. Alilipenda benchi lile kwa kuwa kila mtu pale alisema, na hakuna aliyengoja zamu.

— Mmesikia? Wakili alianza. Wanaturudishia msitu.

— Kwani uliazimwa? aliuliza Mama Birika.

— Hapo umegusa sheria, mama. Kitu kikirudishwa, lazima kikaguliwe. Likipungua tawi moja, tunakataa kupokea. Wahenga walisema, mkono mtupu haulambwi.

— Mkono na msitu wapi na wapi?

— Mti usio na matawi ni mkono mtupu. Nani ataulamba?

Fundi Saa alikuwa bado anafuta kiatu.

— Hakuna msitu utakaorudi, alisema. Penye miti hapana wajenzi. Sasa hapa wajenzi tupo. Miti itakuja kufanya nini?

— Wewe mjenzi?

— Nimejenga kibanda.

— Kibanda kimeegemea ukuta wa watu! Ukuta ukipiga chafya, unalala nje.

— Na kama ni msitu kweli, mbona tangu juzi tingatinga linakichana kilima kwa lile jino la chuma? Msitu gani unaanza kwa kuchanwa?

— Udongo umeshindiliwa, Breki alisema. Tumepita pale na malori miaka na miaka. Mzizi hauwezi kupenya. Lazima upasuliwe kwanza.

Wote wakageuka kumtazama. Mama Birika akamwongezea kahawa bila kuombwa, kama anavyotuzwa mtoto aliyekula akamaliza.

— Haya, umesema kweli, alikubali Fundi Saa, lakini kupasua ni kazi bure. Sikilizeni mimi. Makaa ya mawe ni nini? Ni miti ya zamani. Ilianguka, ikafukiwa, ikalala, ikawa makaa. Sivyo?

— Ndivyo.

— Basi! Saa ikikimbia mbele, unairudisha nyuma kwa kuzungusha kinyume. Tuyarudishe makaa shimoni, tuyamwagilie maji, tungoje. Yataamka.

— Yawe miti?

— Yawe nini tena? Kuku?

— Mimi nina gunia zima uani, alisema Mama Birika, limenyeshewa masika yote. Halijatoa hata jani.

— Huo ni mkaa, mama. Usichanganye. Mkaa ni mti uliokufa juzi tu, bado una uchungu. Makaa ya mawe ni marehemu wa siku nyingi, amesha...

Wakili alimkanyaga kile kiatu chenye kahawa.

— Namaanisha mti, Breki.

— Najua unamaanisha mti.

— Mti kabisa. Wenye magome.

— Fundi, kunywa kahawa yako.

Wakili alijitolea kuokoa jahazi kwa kulizamisha zaidi. Alisema tatizo si miti, tatizo ni nyani. Nyani walihama zamani, na msitu bila nyani ni shamba lililokosa mwenyewe. Kwa hiyo wakodishwe nyani wa kuanzia, wenye uzoefu, wapewe mkataba na likizo.

— Ya nini kukodi? Mama Birika alisema. Nimewapanga benchini, kila jioni nawanywesha kahawa.

Walikuwa bado wanabishana iwapo nyani hustaafu, pale mwanamke ambaye hakuna aliyemjua aliposimama mbele yao. Viatu vyake vya mpira vilijaa udongo mweusi wa kilimani. Aliwaamkia, akaomba kahawa, akasema yeye ndiye bibi misitu wa mradi ule.

— Nina swali dogo, wazee wangu. Kabla ya mgodi, pale palikuwa na miti gani?

— Mirefu, alisema Wakili papo hapo.

— Na mifupi, aliongeza Fundi Saa. Kwa haki, mifupi nayo ilikuwepo.

— Majina yake?

Wakili akasema mpera, Mama Birika akamkumbusha kwamba mpera ulikuwa wa mwalimu mkuu, ndani ya uzio, na ndiyo sababu yeye Wakili alifikishwa mahakamani. Fundi Saa alikumbuka mti mmoja mzuri sana wa kuegemea.

— Wewe baba, mwanamke alimwambia Breki, naambiwa uliendesha lori pale. Miti ilipong'olewa, aliyeibeba si wewe?

— Niliibeba yote.

— Ilikuwa miti gani?

Breki alifikiri kwa uaminifu.

— Mizito, alisema.

Hakuna aliyecheka. Bibi misitu alieleza taratibu. Lori la miche lingeondoka kesho mchana. Asipopata majina, lingeleta miche ya aina moja ya kutoka mbali, inayonyooka kama nguzo za umeme, na kilima kizima kingekuwa hivyo kwa maisha ya wote waliokaa pale. Akipata majina, na akaonyeshwa hata miti mama michache iliyosalia, angechukua mbegu.

— Na miti baba? aliuliza Wakili.

— Wakili!

— Nauliza kisheria.

Breki alikuwa akitazama kikombe chake. Mkewe aliijua miti ile yote. Yeye na dada yake walikulia ndani ya msitu ule, wakiokota kuni, na kila alipopita kilimani alitaja mti uliokuwa umesimama hapa na uliokuwa umesimama pale, naye Breki akiitikia "ehee" huku akifikiria magurudumu.

— Shemeji yako yupo, Mama Birika alimwambia kwa sauti ndogo.

— Yupo.

— Hujakanyaga kwake tangu matanga.

— Ana sauti ileile ya dada yake, mama. Akisema karibu tu, nageuka nyuma.

Mama Birika aliinamisha birika lake. Hakikutoka kitu. Wakasimama mmoja mmoja, hata Wakili bila methali.

Asubuhi Breki alinyoa ndevu, akavaa shati lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, yaani yeye, akashika njia aliyokuwa akiikwepa.

— Hodi, shemeji.

— Nani huyo?

Alishika fremu ya mlango.

— Ni mimi. Nimekuja kuuliza majina ya miti.

Komeo likafunguliwa.

— Kimya chote hiki, shemeji, leo waja na miti? Haya, kaa. Ya kilimani au ya kandokando ya kijito?

— Yote.

Alikaa. Shemeji yake akaanza: mkuyu, tena mmoja umebaki nyuma ya machinjio, mninga, msasa, ule wa majani ya kusugulia sufuria, mvule. Aliitaja polepole, akihesabu kwa vidole, kwa sauti ileile.

— Rudia ule wa kwanza, Breki alisema.

Alikuwa ameusikia vizuri.